Gari linachemka, fundi ni ndugu: nitamjuaje fundi mwaminifu?

Ndugu washauri,

Ninafanya biashara ya vyakula. Mara mbili kwa juma ninatoka Bukavu kwenda Kavumu, pengine hadi Katana, na ninarudi na maharagwe, mihogo na ndizi za kuuza Kadutu. Gari langu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2006, ya petroli, motere (injini) ya lita 2.4, usukani uko kuume kwa sababu lilitoka Japani.

Sasa ni mwezi wa nne linachemka. Kwenye tambarare linaenda vizuri. Nikianza kupanda na mzigo, mshale wa joto nao unapanda. Fundi wangu ni mtoto wa kaka yake shemeji yangu. Kwanza alitoa termostati, akasema ni kifaa cha nchi za baridi, hapa kwetu hakina kazi: dola 15. Majuma mawili baadaye likachemka tena. Akasema ni radiatere, akaleta nyingine ya okazio (iliyokwisha kutumika): dola 110, na kazi dola 20. Halafu ikawa ventilatere (feni ya radiatere): dola 45. Sasa anasema joenti ya kilasi (gasketi ya kichwa cha injini) imeungua. Anataka dola 350, nusu nimpe mbele. Kila mara ananiambia, "Mama, safari hii tumeipata."

Piesi (vipuri) za zamani sijaona hata moja. Maji ninaongeza karibu lita moja kila safari, ninachota popote nilipo, hata ziwani. Moshi mweupe sioni, na mafuta ya motere kwenye kijiti ni masafi.

Sijui kama ananiibia au kama hajui kazi. Nikimwacha, shemeji ataona nimeidharau familia yake. Nikibaki naye, biashara itakufa. Nifanye nini na gari hili? Na nikitafuta fundi mwingine, nitajuaje kwamba ni mwaminifu?

Mama wa Nyamugo

JIBU

Mama, pole kwa mahangaiko. Usitoe hizo dola 350 wala nusu yake bado. Huenda joenti ya kilasi imeungua kweli, lakini katika barua yako yote hakuna mahali fundi alipopima kitu. Ametoa, amebadilisha, ametoa tena. Umeshalipa dola 190, na hakuna anayejua maji yanakwenda wapi.

Uliuliza kama anakuibia au hajui kazi. Kwa mfuatano ulioueleza, tunaona mtu anayebahatisha. Mwizi mara nyingi huanza na kilicho ghali. Huyu ameanza na cha bei ndogo akapanda ngazi kwa ngazi, kama mtu anayejaribu funguo zote kwenye kufuli moja. Piesi za zamani kutoonekana ni jambo jingine, na hilo tutalirudia. Lakini elewa kwa nini mafundi wengi hubahatisha. Katika miji yetu hakuna anayelipia kupima. Fundi akikaa saa nzima akachunguza, kisha akasema "kifuniko tu kimeharibika", mteja atanunua kifuniko, ataweka mwenyewe, na fundi atalala njaa. Akibadilisha radiatere, anapata pesa ya kazi na pengine kitu kidogo juu ya bei ya piesi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kubadilisha ni lako wewe: lipia kupima, kando na kutengeneza. Mwambie fundi yeyote utakayemwendea: "Nitakulipa kwa kunionyesha ugonjwa, hata kama dawa yake haitakupa kazi." Kubalianeni kiasi kabla hajafungua boneti. Hapo kusema ukweli hakumgharimu chochote.

Sasa tuje kwenye gari. Tunakuandikia kirefu kwa sababu ukiujua mpangilio huu, utamtambua fundi kwa namna anavyoufuata au anavyouruka.

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Motere yako hufanya kazi kwa nyuzi 85 hadi 95, yaani inakaa mlangoni mwa mchemko muda wote. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko cha radiatere, maana kinashikilia shinikizo. Kifuniko kizima cha kiwango cha 1.1 (kimeandikwa juu yake, 1.1 au 108) huyawezesha maji kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, umerudi kwenye nyuzi 95: ukipanda mlima na mzigo, maji yanageuka mvuke, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba na kumwagika njiani. Hilo peke yake linaweza kukuchemshia gari kwenye mlima na kukumalizia lita moja kwa safari. Hatusemi ndilo lako. Tunasema kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyokwisha kulipia, na hakuna aliyekigusa.

Kwa hiyo, asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, fungua kifuniko. Usithubutu kukifungua likiwa moto, maji yataruka usoni. Maji yawe yamejaa hadi mdomoni mwa radiatere. Kama radiatere imepungua ilhali chupa ya akiba imejaa, maji yanatoka lakini hayarudi: ni kifuniko, au kuna mahali hewa inaingia. Tazama mpira wake. Ukiwa na mipasuko au umekauka kama ngozi ya ngoma, badilisha kwa kiwango kilekile, si kingine kwa sababu kinaingia.

Kipimo cha pili ndicho kinachomtenganisha fundi na mbahatishaji: pampu ya mkono yenye saa ya shinikizo, inayofungwa kwenye mdomo wa radiatere mahali pa kifuniko. Motere ikiwa baridi, unapandisha hadi baa 1 na kuacha dakika 15. Mshale wa saa ukibaki palepale, hakuna tundu linalovuja motere ikiwa baridi. Ukishuka, maji yanakwenda mahali, na kazi ni kupatafuta. Chukueni taa. Angalieni mipira ya maji kwenye vibano vyake, pompa ya maji (ikivuja huacha mstari wa rangi nyeupe au ya waridi chini ya puli), na radiatere ya kupasha ndani (dalili yake ni zulia lenye unyevu miguuni pa abiria wa mbele). Fundi asiye na pampu hii si lazima awe mbaya, lakini awe anajua nani anayo na awe tayari kuiazima.

Halafu nendeni nyuma ya motere, upande wa ukuta wa kabini, mahali kilasi inapokutana na bloku. Hapo pana maana ya pekee kwa gari lako. Motere ya lita 2.4 kwenye RAV4 ya mwaka huo ni 2AZ-FE, na zile za miaka ya 2002 hadi 2006 zina ugonjwa unaojulikana: nyuzi za skrubu ndani ya bloku ya aluminiamu, zinazoshika kilasi, huchakaa na kung'oka, hasa za nyuma. Kilasi inanyanyuka kidogo sana joto likipanda, na maji yanatoka nyuma ambako huoni. Mafuta yanabaki masafi na moshi mweupe hautokei, kama ulivyoandika. Mkikuta ukoko mweupe au wa waridi kwenye mstari huo wa nyuma, ugonjwa mmeupata.

Na hapa ndipo dola 350 zingepotea. Ukiwa na ugonjwa huo, joenti mpya peke yake haiponyi kitu. Fundi ataifunga, skrubu zitazunguka bila kushika, na baada ya mwezi mtarudi palepale. Dawa ni kutoboa mashimo yaliyochakaa na kuingiza nyuzi mpya za chuma, kwa vifaa maalum vya kazi hiyo. Mwulize anayetaka kufungua: "Nyuzi za bloku zikiwa zimeng'oka utafanyaje?" Akikuambia ataweka gundi ya chuma au atatia skrubu nene zaidi, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Kabla ya yeyote kufungua kilasi, kuna dalili za kuthibitisha. Washa motere baridi, kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokwisha mdomoni mwa radiatere ni gesi ya silinda inayoingia majini. Au funga kifuniko, washa, ushike mpira wa juu: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto, ni gesi pia. Kuna na maji ya buluu ya kupimia, yanayowekwa kwenye kichupa juu ya radiatere. Gesi ikipita hugeuka njano. Mwisho kuna kupima komprési, yaani nguvu ya mgandamizo, kwenye silinda zote 4. Kwa mwinuko wa Bukavu usishangae namba zikiwa chini ya kitabu kwa karibu sehemu moja ya saba, maana hewa yenyewe ni nyepesi. La kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi baa 1. Fundi anayesema kilasi imeungua akuonyeshe angalau dalili mbili kati ya hizi, wewe ukiwa umesimama hapo.

Kuhusu yale yaliyokwisha kufanywa. Termostati irudishwe. Si kifaa cha nchi za baridi. Ni mlango unaoamua maji yapite lini kwenye radiatere, na ya motere yako huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo, motere inakaa baridi kwenye mteremko, kompyuta inaongeza petroli, na umekuwa ukilipia petroli hiyo miezi minne. Mpya unaweza kuipima jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, washa moto. Lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, kile kijipini kidogo chenye kucheza kikae juu kabisa, ndipo hewa itoke.

Ventilatere iliyobadilishwa iangaliwe inazunguka upande gani. Waya mbili zikigeuzwa inapuliza mbele badala ya kuvuta nyuma, na kwa macho huoni tofauti. Washa kiyoyozi ili izunguke, weka karatasi mbele ya radiatere: ikivutwa na kunasa, ni sawa, ikisukumwa, waya zimegeuzwa. Radiatere ya okazio nayo inaweza kuwa imeziba nusu. Motere ikiwa na joto, kipimajoto cha kuelekeza kitaonyesha sehemu zilizo baridi kuliko nyingine; maji hayapiti hapo.

Maji ya ziwani uache kabisa. Ziwa Kivu lina chumvi nyingi zilizoyeyuka, na zikipata joto hubaki ndani kama ukoko wa birika. Tia maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi, pamoja na dawa ya radiatere, nusu kwa nusu, baada ya kusuuza hadi yatoke safi. Hewa nayo itolewe: pua ya gari iwe juu kwenye mteremko, hita ifunguliwe hadi mwisho wa moto, motere iwake kifuniko kikiwa wazi hadi termostati ifunguke, mkiminya mpira wa juu na kuongeza maji. Gari lililojazwa bila kutoa hewa huchemka kesho yake, na mtu analaumu piesi mpya.

Sasa fundi mwenyewe.

Usiulize watu "nani fundi mzuri?" Kila mtu atakutajia ndugu yake, na ndiko ulikoanzia. Tafuta wenye RAV4 kama yako au Toyota nyingine ya petroli ya miaka hiyo, uwaulize mambo matatu: alikutengenezea nini hasa, ni lini, na ugonjwa ulirudi? Madereva wa taksi ndio mashahidi tunaowaamini kuliko wote, kwa sababu gari likilala wao hawali, na pesa inatoka mfukoni mwao. Dereva wa shirika anaweza kukusifia garaji nzuri, lakini hati ya malipo hailipi yeye, kwa hiyo bei hajui. Jina likitajwa na madereva watatu wasiojuana, nenda ukaangalie.

Ukifika, usiseme shida yako mara moja. Kaa robo saa. Skrubu za gari lililofunguliwa ziko kwenye vikopo vilivyotengwa au zimemwagwa chini pamoja? Gari lililoinuliwa limewekwa juu ya vigingi vya chuma au linashikiliwa na jeki peke yake na kijana yuko chini yake? Kuna ufunguo wa kupimia nguvu ya kukaza? Kuna mashine ya kusoma kompyuta ya gari? Ukuta wenye grisi usikutishe. Tunazungumzia mpangilio, si rangi. Magari mangapi yana vumbi la miezi? Gari moja linaweza kuwa linangoja piesi kutoka Dubai. Manane ni avansi (malipo ya mbele) zilizokwisha kuliwa. Na uulize waziwazi nani atakayeshika ufunguo, maana mara nyingi unapatana na mkubwa halafu kazi inafanywa na aprenti wa miezi mitatu.

Kisha mpe kazi ndogo kabla ya kubwa. Vidanji (kubadilisha mafuta ya motere) na kukagua breki vinatosha, na kwa milima ya Bukavu breki ni uhai. Kabla ya kwenda, piga picha filtre ya mafuta na uiwekee nukta ya verni ya kucha. Motere yako inachukua karibu lita 4 pamoja na filtre. Mwache atie lita tatu na nusu, asubiri, apime kwa kijiti, aongeze kidogo kidogo hadi kati ya alama mbili. Anayemwaga dumu la lita 5 lote bila kupima umemjua tayari. Pete (washa) ya skrubu ya chini ya kumwagia mafuta ibadilishwe. Filtre yenye nukta uione mkononi mwake imetoka.

Kwenye breki, akuonyeshe plakete (pedi za breki) zote za mbele, za ndani na za nje, kulia na kushoto. Zikifika milimita 3, badilisha. Ile ya ndani ikiwa imeliwa zaidi kuliko ya nje, pini za kaliparo, kifaa kinachobana plakete, zimeganda, na kubadilisha plakete bila kusafisha na kupaka grisi pini hizo ni kutupa pesa. Ukipata mtu anayekuambia "hizi bado zina milimita 6, rudi baada ya miezi michache", shikamana naye. Amekataa pesa yako palepale ulipokuwa tayari kumpa. Magurudumu yakirudishwa, nati zikazwe kwa msalaba gari likiwa chini, kwa nguvu ya 103 Nm kwenye ufunguo wa kupimia, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Kazi kubwa ikifika, andikeni. Karatasi moja inatosha: tarehe, namba ya shasi, kilomita, ugonjwa, nini kitafanywa, bei ya kila piesi, bei ya kazi kando, siku ya kumaliza, na maneno haya: "Jambo jipya likionekana, fundi atapiga simu kabla ya kuendelea; piesi zote za zamani zirudishwe." Mwombe pia siku ngapi anasimamia kazi yake. Kwa kilasi, bei iseme wazi kama ndani yake kuna seti ya joenti, skrubu mpya 10, kupima ubapa wa kilasi, kuichonga ikihitajika, nyuzi za bloku, mafuta na filtre, na dawa ya radiatere. Ubapa unapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibapa vya kupimia unene. Zaidi ya milimita 0.05, kilasi iende kwa mchongaji. Skrubu za zamani zikirudishwa kwa sababu "bado ni nzima", kataa: zimeshavutika. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na mwisho kwa robo mzunguko. Bila ufunguo wa kupimia, kazi hiyo isianze.

Avansi ni ya piesi tu, si ya kazi. Afadhali mwende pamoja dukani, ulipe mwenyewe kwa M-Pesa au Airtel Money ili ujumbe ubaki kwenye simu. Nenda na namba ya shasi, usiseme tu "RAV4", maana ya Japani na ya Ulaya hazifanani katika kila kitu. Muuzaji akuambie waziwazi: ya orijini, adaptabo (mpya ya kiwanda kingine), au okazio. Adaptabo nzuri ipo, na radiatere mpya ya adaptabo mara nyingi ni salama kuliko ya okazio usiyojua ilinyweshwa maji gani. Joenti ya kilasi, termostati na kifuniko, usinunue okazio hata siku moja. Fundi akiongeza kidogo juu ya bei kwa safari ya kukutafutia piesi, si wizi, mradi akuambie. Akikukataza kuiona hati ya duka, hapo pana jambo.

Unapoacha gari, piga picha za dashibodi (kilomita na petroli), betri, alternatere, gurudumu la akiba, jeki, na chini kwenye bomba la moshi, kwa sababu katalizatere (kisafisha moshi) huuzwa ghali na hukatwa kimya kimya. Nukta za verni kwenye betri na alternatere hazionekani na mtu asiyezijua. Karte roze (kadi ya gari) na bima visibaki ndani.

Kwa shemeji yako, nenda wewe kabla hajasikia kwa mwingine. Usimwambie kijana ni mwizi, kwa sababu hujui, na neno hilo halirudi. Mwambie gari limekataa, unalipeleka likapimwe, na matokeo utayaleta ili kijana naye ajifunze. Unaweza hata kumwalika aje aone pampu inavyofungwa. Wengi wao hawajawahi kuonyeshwa, na mwenye nia ya kazi atakuja. Lakini radiatere yako ya zamani na termostati uviombe, kwa upole na kwa siku maalum. Radiatere hiyo huenda ni nzima, na hata kama ni mbovu, chuma chake kinanunuliwa. Akisema alishaiuza, thamani yake ipunguzwe katika kazi yoyote ndogo atakayokufanyia mbele. Hapo shemeji mwenyewe atakuwa shahidi.

Na kabla ya kipimo cha shinikizo kufanyika, usiende Kavumu na mzigo. Ukilazimika, beba nusu, toka alfajiri, na mtu mwenye simu aweke kile kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la kompyuta chini ya usukani kinachosoma joto la maji kwa namba. Mshale wa dashibodi haukutoshi: kwenye Toyota nyingi hukaa katikati muda mrefu, na ukianza kupanda tayari umechelewa. Namba ikifika 105, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yote, punguza mwendo. Ikifika 110, simama pembeni uzime. Usimwage maji baridi juu ya motere wala kuyatia ndani mara moja, kilasi ya aluminiamu itapinda hata kama ilikuwa nzima. Ngoja dakika 45, kisha ushike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukifungue polepole hadi kinapokwama mara ya kwanza, usikilize mvuke uishe.